Mashine Imeshiba

Wiki iliyopita tulikutana katika ukumbi wa Kaloleni kupanga mazishi ya Mama Mwende, na Meneja wetu wa zamani akaja. Aliletewa kiti cha mbele na soda baridi, na ulipofika wakati wa kusema neno juu ya marehemu alisimama kabla hajaitwa. "Nzisa," alisema, akimtaja marehemu kwa jina lake mwenyewe, ambalo sisi tuliokula naye tuliona haya kulitamka kavu namna hiyo, "nilifanya kazi naye kwenye kiwanda cha mikate kule Baba Dogo. Huyu mama sikuwahi kumsikia akilalamika. Hata siku moja." Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango, nanyonyesha mtoto wangu wa pili, na moyo ulinidunda mpaka mtoto akaachia ziwa akanitazama. Nilitaka kumuuliza mbele ya watu: angelalamika kwako saa ngapi, wewe ambaye hukuwahi kumngoja amalize sentensi? Lakini msiba una wenyewe, na binti yake, Mwende, alikuwa amekaa pale mbele akihitaji kila neno zuri la kumhusu mamake. Nikambadilisha mtoto ziwa. Nilirudi kwangu, mtaa wa Tena, na hata leo halijanitoka; nimemlaza mtoto, sasa naandika, kwa sababu nisipoandika nitamtukana mtu asiyehusika.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nina mtoto mchanga wa kike, Nafula, na habari za babake sitaziandika, hazifai karatasi. Kiwanda kilikuwa kimenunua kompyuta ya kuendesha shughuli zote: oda za maduka, unga ulioko stoo, mikate iliyotoka tanuri, magari ya kuipeleka. Ilipoingia, makarani wa daftari za mkono walitolewa wote, wakabakisha Mama Mwende peke yake, na hata yeye aliambiwa wazi kwamba kosa la kwanza litakuwa la mwisho. Alikuwa na mtoto sekondari na hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumsaidia. Hiyo kazi ndiyo ilikuwa mume, shamba na akiba. Basi kompyuta ikawa na tabia ya kulala katikati ya kazi, magari yamepanga foleni getini, na tajiri mwenye kiwanda akachoka akasema pawe na watu wa kuitazama kutwa nzima, waseme kabla haijalala. Ndipo nikaandikwa mimi, kwa sababu nilijua Kiingereza cha kusoma maandishi ya skrini. Mama Mwende alijua kazi ya mikate. Mimi nilijua kusoma. Pamoja tulikuwa mtu mmoja mzima.

Watu waliniuliza, sasa wewe unalipwa kukodolea kioo macho? Ndiyo, na si kazi ndogo. Skrini ilikuwa nyeusi yenye herufi za kijani. Tuliangalia oda inachukua muda gani kukubaliwa. Mashine ikiwa na afya, karani wa dirisha la oda anabonyeza na oda inaingia kabla hajainua kidole. Ikianza kusitasita, tunajua kuna neno. Tuliangalia makosa yanayojitokeza pale chini, mengine ya kupita, mengine ya kurudia, na yale ya kurudia ndiyo ya kuogopwa. Tuliangalia imebakiza nafasi kiasi gani tumboni mwake. Tukiona mambo yanaharibika, tunagonga dirisha la upande wa magari, makarani wanapunguza kasi mashine ipumue. Kazi yetu ilikuwa kuiona shida kabla shida haijatuona. Mama Mwende aliiita kazi ya yaya. "Mtoto hasemi anaumwa wapi, Mama Nafula," aliniambia siku ya kwanza. "Unamtazama tu, unajua leo hakucheza."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya unga zamani, na hata baada ya kupigwa rangi kuta zilikuwa zikitoa vumbi jeupe. Kiliwekewa mashine ya baridi kwa ajili ya kompyuta, si kwa ajili yetu. Sisi tulivaa sweta na soksi nene wakati nje Baba Dogo inaungua jua na bati zinalia. Nafula alilala ndani ya kreti ya mikate iliyotandikwa leso, chini ya meza, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Kila mtu kiwandani alijua isipokuwa Meneja, ambaye ofisi yake ilikuwa mjini na alitufikia kwa simu. Kreti ilinukia mkate na mwanangu akanukia mkate. Wapakizi walipopita walichungulia mlangoni. "Huyu bado hajaiva," walisema, "mrudisheni tanuri!" Mama Mwende alichukua kitambaa akawatishia nacho, "Tokeni, mnaniletea vumbi kwa mashine!" na mtoto akacheka kuisikia ile sauti yake ya chini ikitisha.

Tuliishi pamoja pia, chumba kimoja si mbali na kiwanda, pazia katikati. Jioni tulipika kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa ugali na mrenda, naye aliuvuta ule mrenda kwa tonge, ukarefuka kutoka sahani hadi mdomoni, akauliza, "Watu wa kwenu, hiki mnakula au mnafungia mizigo?" Zamu yake ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa maganda na kuchemshwa na maharagwe mpaka mafuta yaishe kwa stovu. Namwambia, "Wakamba nyinyi mnamvua hindi nguo kama mnamtafutia kosa." Anajibu, "Wewe kula. Hindi langu limeoga." Ukuta ulikuwa wa mbao na tulisikia majirani wote: dereva aliyekuwa akisali kwa sauti, mkewe aliyekuwa akimjibu kabla Mungu hajajibu. Mama Mwende hakuwahi kupandisha sauti. Hata akiungua mkono alisema "oi" polepole, kama anayemwita mtu aliye karibu. Nilimpenda na alinikasirisha. Nilikuwa, na bado niko, mtu wa kusema jambo kwa jina lake. Yeye alikuwa mtu wa kulivisha jambo nguo kwanza.

Sasa nifike penye uchungu. Printa iliharibika, akaja fundi wa kampuni iliyotuuzia programu, kijana mmoja wa mtaa wa Umoja aliyevaa jinzi na kalamu sikioni. "Niaje, masista," akasema, akakarabati printa, kisha akaketi kwenye skrini yetu na kubonyeza hapa na pale. Akapiga mluzi. "Hii mashine imeshiba," alisema. "Oda zote za tangu inunuliwe zimo humu ndani, hakuna iliyotolewa. Imeshiba mpaka kwa koo. Ikiongezwa kidogo tu itagoma, na ikigoma hiyo haitaamka kwa kuzimwa na kuwashwa." Nikamwambia, basi toa. Akacheka. "Sista, mimi nimeitwa printa. Kufuta oda za zamani ni kazi nyingine, lazima meneja wenu aiite. Mkimwambia leo, kesho niko hapa. Bila yeye mikono yangu imefungwa." Akaenda zake. Na neno lake likabaki. Kutoka siku hiyo kiwanda kizima tulisema mashine imeshiba. Wapakizi walisema, makarani wa dirisha walisema, hata soja wa getini aliniuliza asubuhi, "Yule mnene wenu amekulaje leo?" Kwetu lilikuwa neno la hatari. Hatukufikiri kwamba nje ya ukuta wetu kushiba ni baraka.

Kila asubuhi Meneja alipiga simu. Mama Mwende ndiye aliyeshika, kwa kuwa ni mkubwa. Nilikaa karibu naye, na sauti ya Meneja ilitoka kwenye kile chombo mpaka kwangu. "Habari ya mashine?" Na Mama Mwende, kama alivyofundishwa na mamake na kama ulivyofundishwa wewe na mimi, alijibu, "Nzuri, bosi. Ila imeshiba." Nani kati yetu huanza salamu kwa ubaya? Mtu amefiwa, anaulizwa habari, anasema nzuri, ila tu tumempoteza mzee. Habari yenyewe iko baada ya "ila". Kila Mswahili anajua kungojea hapo. Meneja hakungoja. Mara ya kwanza alicheka. "Imeshiba? Mshukuru Mungu, mama!" Akakata simu. Mara ya pili, "Kushiba si ugonjwa." Kata. Mara nyingine alikata kwenye "nzuri," hiyo "ila" ikabaki mdomoni mwa Mama Mwende na waya unalia. Aliweka simu chini taratibu, akairekebisha ikae sawa. "Kesho nitamwambia vizuri," alisema.

"Mwambie inakufa!" nikamwambia. "Acha mambo ya kushiba. Sema inakufa, bosi, lete fundi."

"Mama Nafula, mtu mkubwa humpigi na neno usoni asubuhi. Atafunga masikio."

"Ameyafungua lini?"

Akanitazama kwa huzuni kidogo, kama anayeambiwa jambo analolijua. "Nikimwambia inakufa, atauliza imeuawa na nani. Na anayeitazama ni mimi."

Sikulielewa hilo wakati ule. Skrini ilikuwa inatuonyesha kila kitu: oda zinasitasita, lile kosa la chini linarudi na kurudi, nafasi inapungua kama unga kwenye debe. Tuligonga dirisha, tukapunguza kasi, lakini tumbo lilizidi kujaa. Asubuhi moja nilinyakua simu mkononi mwake. Nikasema, "Si nzuri. Mashine imejaa, itakufa, na itakufa karibuni, kwa sababu Pasaka inakuja na oda zitaongezeka. Mlete fundi." Ikaja sauti, si ya hasira hata kidogo, ya mtu wa kanisa. "Wewe ni yule msichana? Binti, usiite balaa. Maneno huumba. Mpe mama simu." Nilimpa mama simu. Akamwambia, "Nzuri, bosi, msamehe huyu mtoto, ila kweli imeshiba sana." Kata.

Siku hizi, wanaume wenye tai wanapita maofisini kuonya kwamba kompyuta zote zitagoma mwaka elfu mbili ukiingia. Wanakaribishwa chai. Wanasikilizwa mpaka mwisho. Hakuna anayewaambia maneno huumba. Nikiwaona namkumbuka mwanamke wa sweta ya kahawia, simu mkononi, akiitafuta namna ya kusema ukweli bila kumuudhi mtu, na nashindwa kujua nimkasirikie nani kwanza.

Ilikufa Alhamisi ya kabla ya Pasaka, asubuhi, mikate yote imeshatoka tanuri na kufungwa. Oda zilikuwa zikiingia kutoka kila dirisha. Nikaona herufi zimesimama. Nikabonyeza, hakuna. Chini kabisa ikaandika kwa Kiingereza kwamba haina mahali pa kuweka. Kisha hata hayo maandishi yakaganda. Nje, printa ilinyamaza katikati ya karatasi. Na sheria ya tajiri ilikuwa gari lisivuke geti bila karatasi ya delivari iliyotoka kwa kompyuta, maana zamani mikate iliibwa kwa karatasi za mkono. Mama Mwende alitoka kwenye baridi ile akiwa na sweta yake, akasimama juani kati ya magari, akamwambia msimamizi wa magari, "Nipe kalamu. Hizi njia zote nilizipanga mimi kabla ya kompyuta. Niandike kwa mkono, mikate iende." Msimamizi akakataa. Akampigia Meneja mjini, akajibiwa yuko kwenye mkutano. Akapiga tena. Meneja alifika mchana, fundi akafika baada yake, na kufikia hapo maduka yalikuwa yamekwisha kununua kwa wengine. Jua lilikuwa limeingia ndani ya magari ya bati. Ukifungua mlango, harufu ya mkate wa moto uliokosa hewa ilikupiga kama pumzi ya mgonjwa.

Sikukuu ikapita na mikate mle ndani. Jumanne ilikuja lori ya mfuga nguruwe. Wapakizi waliitupa ile mikate ndani ya lori, ikiwa na karatasi zake, mingine na ukungu, mingi haina kitu, na akina mama wa mtaani waliosimama nje ya ua waliomba. Walikatazwa. Msimamizi alisema ni amri, wakipewa leo kesho watataka mashine igome. Mpakizi mmoja, ambaye hakujua kunyamaza, aliimba tu, "Nguruwe wa Baba Dogo wamezaliwa na bahati gani hii?" na hakuna aliyecheka. Mkate mmoja ulidondoka karibu na ua, mtoto akapenyeza mkono, soja akaupiga teke ukarudi ndani.

Siku hiyohiyo Meneja aliketi katika ofisi ya juu na karani wa mambo ya wafanyakazi. Mama Mwende alihojiwa kwanza, akatoka uso umetulia, akaketi kwenye benchi la nje. Nikamwachia Nafula mapajani. Nikaingia nikijua nilichokuja kufanya: kumwokolea kazi.

"Keti, binti," Meneja akasema. "Swali ni moja tu. Asubuhi nikipiga simu, huyu mama alikuwa akiniambia nini?"

"Kwamba mashine imeshiba."

Karani akacheka kwa pua.

"Kabla ya hapo. Neno la kwanza."

"Nzuri. Lakini bosi, hiyo ni salamu! Hata wewe nikikuuliza sasa hivi habari—"

"Kwa hiyo alisema nzuri."

"Alisema nzuri, ila—"

"Inatosha."

"Haitoshi! Kushiba kwa mashine ni kujaa. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema imeshiba. Muulize, yuko hapo chini!"

"Mtu akiniambia ameshiba nimwitie daktari?" Akamgeukia karani, na wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokwisha kunywa chai.

Nikasimama. Sijui kiti kilienda wapi. "Nilikwambia mimi! Nilichukua simu nikakwambia itakufa. Sikusema imeshiba, nilisema itakufa!"

Hakukasirika. Aliniangalia kama anayesikitika. "Ndiyo, ulisema," akajibu. "Na ikafa." Akamtazama karani. "Kama ningekuwa mtu wa kutafuta mchawi, binti, ningeanza na wewe. Lakini nimeambiwa umejifungua si zamani. Hizo ni hasira za uzazi, nimekusamehe. Rudi kazini. Huyu mama ataenda nyumbani. Na mtoto asionekane tena kwenye chumba cha mashine. Hii si nasari."

Nimeyageuza maneno hayo miaka yote hii. Aliyesema kwa adabu alifukuzwa kwa sababu hakusema. Aliyesema wazi alisamehewa kosa la kusababisha. Hakukuwa na namna ya tatu. Ningeipata ningeiandika hapa, mwenye masikio aichukue. Niliendelea kupiga kelele mle ndani, nilisema mengi, mengine machafu, na karani alinishika kiwiko akanitoa kama anayetoa mbuzi sokoni. Hata kunifukuza hawakunifukuza. Kelele zangu hazikufikia bei hiyo.

Mama Mwende aliinuka kwenye benchi aliponiona. Hakuuliza. Alikuwa amesikia, kila mtu alikuwa amesikia.

"Wamesema mtoto atoke," nikamwambia. "Basi na mimi natoka. Twende."

"Twende wapi?"

"Nyumbani! Wajitazamie mashine yao."

"Na tule nini, Mama Nafula, hasira?" Alisema polepole, bila kunisuta. Alikuwa tayari ameivua leso ya begani, anamweka Nafula mgongoni, anakaza fundo. "Mmoja amebaki na kazi. Mmoja amebaki bila kazi. Na mtoto anataka mtu. Hesabu yake si ngumu. Mnyonyeshe kwanza."

Nikaketi nikampokea, nikampa ziwa. Alivuta, akaachia, akalia. Maziwa yalikuwa yamekataa. Nikambadilisha upande, yakakataa. Mama Mwende akamchukua, akamrudisha mgongoni, akambembeleza akihama mguu mmoja hadi mwingine. "Nitampikia uji," akasema. "Nenda. Saa hizi magari ya mchana yanaanza, na yule kijana hakutoa oda zote." Kisha akashuka ngazi.

Nilirudi kwenye kile chumba cha baridi kwa kuwa sikujua miguu iende wapi kwingine. Kreti ilikuwa bado iko chini ya meza. Dirishani mwetu geti lilionekana vizuri. Kila anayetoka alipekuliwa na soja asije akawa amebeba mkate, na zamu hiyo alikuwa yule aliyekuwa akiniuliza habari za mnene wetu. Foleni ilikuwa fupi. Mama Mwende alipofika, soja alitazama pembeni, akampungia mkono apite tu. Hakupita. Alifungua mkoba, akaushika wazi mbele yake mpaka soja akachungulia. Akatikisa mikono ya sweta. Kisha akageuka akampa mgongo na kuinama kidogo, ili soja apapase ile leso na kuhakikisha kwamba kilichokuwa ndani yake ni mtoto.